Maji ya Uani na Jina la Mtoto

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo harufu yake haijaisha vizuri, palikuwa na nyumba Ngamiani, mjini Tanga. Mtaa siutaji. Nikiutaja, kila mwenye nyumba wa mtaa huo atadhani nimemsema yeye, na wengi watakuwa wamedhani sawasawa.

Nyumba ilikuwa ya Bi Kidawa, mjane mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka sokoni bila simu. Mbele baraza, katikati ukumbi na vyumba huku na huku, nyuma uani. Na huko uani, ukishapita jiko na bafu na choo, kulikuwa na chumba kimoja peke yake, kimekaa chini kuliko vyote. Humo ndimo alimowekwa Saumu, mke wa Idrisa, mkwe wa Bi Kidawa. Chumba kilikuwa karibu na bafu, na mzazi anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, basi ikaonekana ni heri akae karibu.

Saumu alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa. Mtoto wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Mshono ulikuwa haujakauka, na hospitalini walimwambia neno moja wakalirudia: maji machafu yasikuguse, wala wewe wala mtoto.

Sasa ule ua. Ule ua ulikuwa mzuri kupita kiasi. Mwaka wa harusi yake, Idrisa alitaka ua wa kupigia picha. Katikati palikuwa na chemba, lile shimo dogo lenye mfuniko ambamo mabomba ya bafu, choo na maji ya mvua hukutana kabla ya kwenda kwenye shimo kubwa nyuma ya ukuta. Kila nyumba inayo. Idrisa hakutaka ya kwake ionekane.

"Wageni waje waangalie mfuniko wa choo?" alisema. Akamwita Hiza, mpangaji wao, fundi wa ujenzi. "Funika. Marumaru mwanzo mpaka mwisho."

"Na siku ikiziba, Bwana Idrisa?"

"Kwani imewahi kuziba?"

Hiza akafunika. Marumaru nyeupe zenye maua ya buluu, mwanzo mpaka mwisho. Mfuniko ukalala chini yake kama kaburi lisilo na alama. Picha zilitoka nzuri sana.

Ikafika siku ya akika ya mtoto, siku ya kunyolewa nywele na kupewa jina. Masika ilikuwa imekolea, mvua inanyesha tangu alfajiri. Wageni wametoka Pangani na Muheza, wanaume wako barazani na shehe, wanawake wamejaa ukumbini. Mbuzi keshachinjwa. Bi Kidawa alimkanda mkwewe, akamrudisha chumbani, akachukua beseni la maji ya majani akalimwaga bafuni kama alivyolimwaga kila siku.

Maji yakasimama. Yakafikiri. Kisha yakarudi, na hayakurudi peke yake.

"Choo kinarudisha!" mpishi mmoja akapiga kelele.

Tundu la bafu likagugumia, likatema. Tundu la uani, linalopokea maji ya paa, nalo likatema. Maji ya kijivu yakaanza kutambaa juu ya maua ya buluu, yakifuata mteremko, na mteremko wa ua ule ulielekea mlango mmoja tu, wa Saumu.

Mtasema, si wamtoe? Wamtoe wapite wapi? Kati ya chumba kile na nyumba kubwa kulikuwa na ua, na ua sasa ulikuwa choo. Ukimbeba mwanamke mwenye nyuzi tumboni utamshika wapi, na marumaru zikilowa zinateleza kama bamia? Dirisha lina nondo na linatazama ukuta. Na mtoto wa ukoo ule hatolewi nje ya mlango kabla hajapewa jina. "Tumeishi hivyo, hatukufa," alisema Bi Kidawa. Wengine walikufa, lakini nani atabishana na mama mkwe siku ya akika?

"Msiwe na wasiwasi," alisema Idrisa, ndani ya kanzu mpya. Akaleta unga mkali wa kuzibulia mabomba, akamimina kopo zima kwenye tundu la bafu. Ukachemka, ukafuka, ukanuka kama betri.

"Unafanya kazi," alisema.

Ulifanya kazi kwenye macho ya watu. Na maji yakapanda.

Akachemsha sufuria ya maji, akamwaga. Na maji yakapanda, maana ukimwaga maji juu ya maji unapata maji. Idrisa akapandisha kanzu, akaenda barazani kumweleza shehe kwamba kuna tatizo dogo la kiufundi.

Bi Kidawa alisimama mlango wa ukumbi, anatazama. Maji yalikuwa yameshapita jiko. Ng'ambo kule mjukuu wake alikuwa analia, na mama yake anambembeleza kwa sauti ya mtu anayetaka kulia yeye. Ndipo bibi yule akanyanyua mkono.

"Nisikilizeni! Naweka nadhiri, Mungu anasikia na nyinyi mnasikia. Atakayenusuru mjukuu wangu na maji haya, huyo ndiye atakayempa jina. Jina lolote. Sitalikataa."

Jina la mjukuu wa kwanza wa kike ni haki ya bibi, na Bi Kidawa alikuwa amelitengeneza lake tangu mimba haijaonekana: Mwanamisi, jina la mama yake. Sasa amelitoa mfukoni akalitupa majini.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Bi Mize. Mpangaji wa chumba cha mbele, mpika vitumbua, mwanamke mpana, hana mtoto.

"Kuzibua mtazibua," alisema. "Kwanza acheni kumwaga."

Akachukua mbuzi yake ya kukunia nazi, akaitega kwenye mlango wa kwendea uani, akaikalia, meno ya chuma yamewaelekea wageni. Akaagiza bati la zamani likingwe chini ya paa, maji ya mvua yarukie nje ya ukuta. Kisha akakaa.

"Nipishe," alisema mgeni mmoja wa Pangani. "Nina kisukari mimi."

"Pole, mama. Choo kipo kwa jirani, mlango wa kijani. Nimeshakuombea ruhusa."

"Na mvua hii?"

"Hayo ni maji ya Mungu. Ya huku ni yetu wenyewe."

Mpishi akaja na sufuria. "Bi Mize, ni maji ya mchele tu, angalia, meupe."

"Peleka barabarani na weupe wake."

"Mpangaji unamzuilia mwenye nyumba ua wake?"

"Namzuilia. Akinifukuza kesho nitahama, lakini leo hupiti."

Ndipo sauti ikatoka nyuma, ya mwanamke ambaye hakuonyesha uso: "Tasa huyo, mwacheni. Yeye anajua nini uchungu wa mtoto?"

Bi Mize alisikia. Kila mtu alisikia. Lakini matako hayakutoka kwenye mbuzi. Na maji yakapanda, ila sasa yalipanda kwa kujivuta.

Wa pili alikuwa Hiza. Alichokoa tundu la bafu kwa mwanzi. Mwanzi ukaingia, ukapinda, ukagoma.

"Lazima tufungue chemba," alisema.

"Iko wapi?" aliuliza Bi Kidawa.

Hapo wakatazamana. Marumaru zote zilifanana. Idrisa, aliyeitwa kutoka barazani, akaonyesha hapa, kisha akaonyesha pale, kisha akasema anaikumbuka karibu na ua la buluu. Maua ya buluu yalikuwa kila mahali.

Hiza akapiga magoti ndani ya uchafu ule. Akalaza sikio chini, shavu majini, akawa anagonga kwa mpini wa nyundo, anasogea, anagonga. Ngo. Ngo. Ngo. Bum.

"Ni hapa."

"Ukivunja marumaru zangu, unahama nyumba hii!" alisema Idrisa.

"Nitahama," alisema Hiza, akainua sululu.

Maua yakaruka vipande. Saruji ikapasuka, mfuniko ukanyanyuliwa kwa mtaimbo. Chemba ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Hiza akaitazama kama daktari anayetazama ulimi.

"Ingekuwa tupu, tungesema pameziba bafuni. Imejaa, basi kizibo kiko mbele, kwenye bomba la kwenda shimoni." Akapeleka mwanzi, ukagonga kitu laini, ukarudi. Akapeleka tena, akaacha. "Nikisukuma nakishindilia. Hiki kinataka kuvutwa." Akaingiza mkono wake wa kubebea zege. Ukakwama kwenye kiwiko.

"Mama!" Sauti ya Saumu ikatoka chumbani, nyembamba. "Mama, yamefika kizingitini!"

Wa tatu alikuwa Mwantumu. Huyu ni dada yake Idrisa, aliyerudi kwao baada ya ndoa kumshinda, msusi wa nywele, anasukia wateja pale pale uani. Yeye na wifi yake Saumu walikuwa hawasemeshani. Saumu aliwahi kumwambia nywele zake za bandia zinaruka mpaka kwenye mboga, na Mwantumu alijibu maneno ambayo siyaandiki. Siku hiyo mikono yake ilikuwa imechorwa hina mpya mpaka kwenye viwiko. Mikono myembamba kama mwiko.

"Sogea, kaka Hiza."

"Dada, usiingize! Kaka yako kamimina unga humu, utaungua."

"Kuna mkono mwingine mwembamba hapa? Haya, ulete."

Akajifunga mfuko wa nailoni mkononi, akalala kifudifudi na gauni lake la akika, akazamisha mkono mpaka begani. Mfuko ulitoboka hapo hapo. Watu waliona uso wake ukibadilika.

"Kipo," alisema. "Nimekishika. Kinaniponyoka. Yaa Rabi, kinaunguza. Kipo!"

"Achia, mwanangu!" Bi Kidawa alipiga kelele.

"Siachii!"

Akavuta. Hiza akamshika kiuno, akavuta. Kitu kikatoka kwa sauti ambayo sitaieleza mbele ya watu wanaokula. Maji ya chemba yakazunguka kama pia, yakajipinda, yakaanza kwenda. Yalikwenda yote, kwa mlio wa mzee anayekunywa uji. Maua ya buluu yakaonekana tena, yale yaliyobaki.

Bi Mize akaondoka kwenye mbuzi, akammwagia Mwantumu maji safi mkononi, mtungi baada ya mtungi, kwa muda mrefu. Hina ilitoka. Na ngozi ilitoka.

Watu wakageukia kile kizibo. Kilikuwa kimelala juu ya marumaru, ukubwa wa paka. Mzizi wake ulikuwa saruji iliyoganda, imebanduka kwenye ukuta wa bomba. Kwenye saruji zimenasa nywele za bandia, nyeusi na za zambarau. Kwenye nywele yamenasa majani ya mkunazi na ya mpera, majani ya kukandia mzazi. Na vyote vimegandishwa na mafuta ya pilau, meupe kama sabuni. Ilikuwa kama ukoo umekaa kupiga picha ya pamoja. Hakuna aliyeuliza hiki ni cha nani, maana kila mmoja alijiona.

Ua ukaoshwa kwa sabuni na dawa. Shehe akaja na mwamvuli mpaka mlangoni kwa Saumu, mtoto akanyolewa nywele mikononi mwa mama yake. Shehe akasema, "Haya, Bi Kidawa. Jina?"

Bi Kidawa akawatazama wale watatu.

"Jina ni langu," alisema Mwantumu, mkono umefungwa kanga. "Msinifanye niseme mengi. Wangapi walisimama hapa? Nani aliingiza mkono? Nilijua kuna unga. Nimeungua kwa ajili ya mtoto wa mtu ambaye hanisalimii. Mtoto aitwe Mwantumu, awe somo yangu. Ndoa sina, na mkono huu sijui kama utasuka tena. Walau jina langu litembee."

"Pole, dada," alisema Hiza. "Lakini ungeingiza mkono wapi? Chini ya marumaru? Nimevunja nikijua leo silali hapa, mwenye nyumba kanitamkia mbele ya watu. Na nilijua ni kuvuta si kusukuma, angejua nani? Mama yangu alikufa masika kama hii, kwa tumbo la kuhara, kwenye nyumba yenye maji kama haya. Aliitwa Zaina. Mtoto aitwe Zaina."

"Ninyi mmefungua," alisema Bi Mize. "Mimi niliwapa muda wa kufungua. Kama ningewaacha hawa wakoge na kunawa na kumwaga sufuria zao, maji yangefika kitandani Hiza bado analaza sikio. Nimetukanwa nimekaa. Tusi lenyewe mlilisikia. Basi nataka jina la mama yangu, Mkejina. Sina wa kulibeba mwingine, mnajua nyote, mmeshasema."

Bi Kidawa akashika kichwa. Idrisa akadhani ndiyo nafasi yake.

"Na kizibo je?" alisema. "Nywele ni za nani? Za Mwantumu! Saruji ni ya nani? Si wewe Hiza uliyesuuza karai lako kwenye tundu la uani? Mtu azibe, azibue, apewe zawadi?"

"Nilisuuza," alisema Hiza. "Ulisema niharakishe, mpiga picha anakuja. Lakini nilisuuza."

"Nywele ni zangu," alisema Mwantumu. "Nazifagia, zinabaki, naziswaga tunduni. Kila msusi anafanya hivyo. Na majani, mama?"

"Majani ni yangu," alisema Bi Kidawa. "Nilikuwa naharakisha maji yasipoe."

"Basi mimi tu ndiye sina kitu mle," alisema Bi Mize. "Machicha yangu ya nazi nawapa bata wa jirani. Mafuta yangu namwaga kwenye majivu."

"Ulijua, Bi Mize?" Sauti ilikuwa ya Saumu, kutoka ndani. "Wewe ndiye unayeoga wa mwisho kila siku. Hukuona maji yanazubaa?"

Bi Mize akatazama tundu la bafu.

"Niliona," alisema. "Tangu Ramadhani. Niliwaambia mara moja, wekeni kichujio kwenye tundu, okoteni nywele, msimwage mafuta. Mkanicheka. Mkaniita karani wa choo. Nikasema moyoni, waacheni, wataona wenyewe. Sikujua kutakuwa na mtoto."

"Mama," alisema Saumu. "Nami nina la kusema. Nilikwambia usiku wa kwanza, ukuta huu unagugumia. Ukasema mzazi ana mawenge. Leo maji yalipofika kizingitini, mkono wa wifi ulikuwa bado haujaingia bombani. Hamkuuliza mbona hayakuingia. Nilimweka mwanangu juu ya kabati, nikashuka, nikavua kanga zangu zote nikazisokota chini ya mlango, nikazikandamiza kwa magoti. Tazameni."

Akafunua shuka. Bendeji ya tumboni ilikuwa na doa jekundu, si kubwa, lakini lilikuwa bichi.

"Sitaki kubishana na nadhiri yako," alisema. "Nauliza tu. Atakayenusuru, ulisema. Mimi simo?"

Idrisa akatoka mbio kutafuta gari la kumpeleka Saumu hospitali. Kwa mara ya kwanza siku ile hakumwambia mtu asiwe na wasiwasi.

Sasa mtazameni Bi Kidawa. Anaamini, na huwezi kumtoa kwenye imani hiyo, kwamba nadhiri ikipelekwa kwa asiyestahili humrudia mtoto. Hawezi kumpa Mwanamisi, amekwisha kulitoa. Mkwewe lazima aondoke sasa hivi, na mtoto ananyonya, lazima aondoke naye, na mlango ule hauvukwi bila jina. Mbele yake kuna mkono ulioungua wa yule aliyeswaga nywele. Kuna fundi asiye na pa kulala, aliyefunika chemba kisha akaifunua. Kuna mwanamke mwenye mikono safi kuliko wote, aliyejua akanyamaza. Kuna mama anayetoka damu, ambaye hakuziba chochote ila mlango, na ambaye hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Mvua inazidi juu ya paa. Gari linapiga honi barabarani. Shehe ameinama, sikio lake liko karibu na mdomo wa bibi.

Nanyi mliokaa hapo na miguu mikavu, msinitazame mimi. Mtoto huyu avuke mlango akiitwa nani: Mwantumu, Zaina, Mkejina, au jina ambalo mama yake bado hajalitamka? Je, nani alistahili?